Mtoto wa Mwisho wa Watachoka

Jumapili iliyopita wajukuu wangu walinicheka mpaka wakashika mbavu, na siwalaumu. Mama yao, ambaye mimi na yeye tumebishana vya kutosha juu ya jambo hili, amewanunulia kijibwa kidogo kama kiatu cha mtoto, manyoya mpaka machoni, wakakitoa uani kuota jua. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu nachambua maharage, kwa sababu mzee asiye na kazi hupewa maharage. Mara kivuli kikapita juu ya sakafu. Alikuwa mwewe tu, hawa wa mjini wanaoshibia mabaki ya bucha, wala hakuwa na habari nasi. Lakini mwili wangu haukungoja maelezo. Nilijitupa kifudifudi juu ya kile kijibwa, kofia ikaenda huku, maharage yakaenda kule, goti likachubuka, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikipiga ukelele ambao sijaupiga tangu utotoni.

Waliponiinua, mikono yangu ilinuka mbwa mchanga: maziwa yaliyoanza kuchacha, vumbi na joto la tumbo. Watoto wanapiga kelele, "Babu kapigana na mwewe!" na mimi nalia. Nikasingizia goti. Nyinyi wa rika langu, mliokulia huku mpakani wakati fisi bado anaita nyuma ya nyumba, nitawaambia kwa nini nililia, maana wale watoto siwezi kuwaambia.

Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda. Baba alikuwa na lori, akibeba pamba na mihogo mikavu kwenda Tororo, na kurudi na saruji iliyomfanya awe mweupe nyusi kila jioni. Sisi watu wa mjini tuliitwa Waswahili, maana yake Waislamu wenye maduka na malori, hata kama kila mmoja alikuwa na kwao kwingine. Mama yangu alizaliwa Sikuda, mtoto wa wakulima Wasamia, Wakristo. Alipoolewa na baba akasilimu. Mwaka huo mama alikuwa mjamzito na mimba ikamtesa, akalazwa Tororo wiki nyingi. Baba yuko barabarani, mama yuko kitandani, na mimi nina miaka saba. Ikaamuliwa nipelekwe Sikuda kwa babu.

Aliyenifungashia nguo ni shangazi, dada yake baba, mwanamke mwema mwenye haraka ya kusema. "Huko kwa babu yako mbwa wamejaa," akaniambia huku akikunja shati. "Mate ya mbwa ni najisi. Akikulamba, osha mara saba, na moja iwe kwa udongo. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Nilisikia kila neno. Tatizo ni kwamba juma hilo hilo alikuwa amefariki jirani yetu, fundi baiskeli, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefuatana na wanaume makaburini. Nilijua ameoshwa. Nilimwona akishushwa, nikaona watu wazima wanachota udongo kwa viganja na kumrushia. Nilipomwuliza shangazi kwa nini wanamwosha kisha wanamtia udongo, alinijibu kuwa ndiyo mwisho wa kila mtu, kuoshwa na kisha udongo. Basi kichwa changu cha miaka saba kikashona mambo hayo mawili yakawa nguo moja. Nikaelewa kwamba binadamu anapewa kuoshwa mara saba tu katika maisha yake. Kila mbwa akikugusa, umetumia moja. Sita ni za maji. Ya saba ni ya udongo, na kazi ya udongo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Sikumwuliza mtu yeyote. Jambo zito namna hiyo nililiona la aibu kuuliza.

Babu yangu tulimwita Kuka, ndivyo Wasamia wanavyomwita babu. Alikuwa mrefu, mkavu, mpole wa sauti na mkali wa fimbo. Bibi alikwisha kufa. Aliyeishi naye ni Nabwire, binti wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Tororo na alionekana sikukuu kwa sikukuu. Nabwire alinizidi miaka mitatu hivi. Alipika, aliteka maji, alichunga mbuzi, na alinitazama kama mzigo mwingine wa kuni. Mimi Kisamia changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo wote wawili walinisemesha kile Kiswahili chao cha huko shambani, kinachokwenda bila kujali njia.

"Wewe Mswahili, nakuja hapa," Kuka akasema siku niliyofika, na kabla sijapiga hatua ya pili mbwa wake akanilamba mguu, ulimi mzima, kutoka kifundo hadi goti. Nikapiga yowe. Kuka akacheka akakohoa. "Hii mbwa hapana kula mtu!"

Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikajimwagia mtungi mzima wa maji. Moja, nikahesabu. Zimebaki tano za maji.

Mbwa huyo jina lake lilikuwa Watachoka. Majirani walikuwa wamemsema sana Kuka kwa ajili ya mpaka wa shamba, naye hakuwajibu, alimpa mbwa jina, akawa anamwita jioni kwa sauti ya juu, "Watachokaaa!" kila mtu asikie. Alikuwa mzee, matiti yamelegea, sikio moja limechanika kwa fisi. Juma la pili baada ya mimi kufika, akazaa chini ya ghala la wimbi. Watoto wanne. Kuka akasema hao ndio wa mwisho, tumbo la mbwa huyu halitarudia.

Hapo ndipo Nabwire alipobadilika. Sikuwa nimemwona akicheka, sasa alicheka peke yake jikoni. Ilichukua siku nyingi kabla hajaniambia sababu. Alichunga mbuzi peke yake kule chini kwenye majani marefu ya bwawani, na mwaka uliotangulia fisi alimtokea mchana kweupe, akamchukua mbuzi mbele yake, hakuharakisha hata kidogo. Tangu siku hiyo alikuwa akitetemeka kila asubuhi anapofungua zizi. Watachoka hakuweza tena kwenda naye, mguu wa nyuma ulikuwa umekufa. Nabwire alikuwa amemwomba Kuka mtoto mmoja wa mbwa awe wake, na Kuka alimjibu kwa maneno aliyorithi kwa baba yake mwenyewe: "Mtoto ya mbwa nakula ugali kwa mkono yako, hiyo ni yako. Bado hajakula, hiyo ni ya porini."

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile na hakuna aliyeivunja. Mtoto wa mbwa anayenyonya hapewi jina, hana mwenyewe, wala hahesabiwi. Siku anapokula tonge la ugali mkononi mwa mtu, huyo ndiye mtu wake mpaka kufa. Nabwire alichohitaji ni majuma matano au sita tu, wanne wale wafikie kula. Mmoja tu angetosha.

Sikilizeni sasa dunia inavyowawinda wachanga. Siku ya nne tangu wazaliwe, alfajiri, mbweha aliingia chini ya ghala Watachoka alipokwenda kunywa maji, akaondoka na mmoja. Kuka alichukua panga. Alikata miiba akazungushia ghala lote, akaacha mlango mdogo wa mama tu, kisha akachanganya majivu na maji ya tumbaku akawapaka watoto waliobaki ili harufu ya maziwa isisafiri. Wakawa wa kijivu, wanapiga chafya. Mmoja, mwenye mguu wa mbele mweupe kana kwamba aliuchovya kwenye unga, siku hiyo hiyo, macho bado hayajafumbuka, akatambaa kumtafuta mama akanasa shingo miibani. Nabwire alikuwa bwawani, Kuka alikuwa shambani. Nilisimama pale nikimsikiliza analia, ngozi yake inatoboka. Niliuma midomo nikamnasua. Mbili. Maji nilijimwagia, lakini mkono ulibaki na joto lake mpaka usiku.

Miiba inazuia cha chini. Walipofumbua macho na kuanza kutambaa nje, kikaja cha juu. Mimi mwewe nilimjua, mwizi wa vifaranga. Huyu alikuwa kitu kingine. Alikaa juu ya mvule nyuma ya shamba, kifua cheupe chenye madoa, ametulia kama hakimu. Kuka alinionyesha upande wa kaskazini, ambako siku isiyo na ukungu Jabali la Tororo linaonekana limekaa peke yake. "Hii tai natoka kule kwa mawe," akasema. Lo, moyo wangu! Mama yangu alikuwa amelala chini ya jabali hilo. Nikaamini ndege huyu anaruka juu ya kitanda chake kila asubuhi kabla ya kuja kwetu, na kwamba anatujua ukoo mzima. Mchana mmoja alishuka bila sauti, na tulichoona ni miguu minne midogo ikining'inia inapita juu ya mihogo.

Wakabaki wawili. Kuka akatandaza kamba za katani kutoka paa la jiko hadi ghalani, akafunga vipande vya kitambaa chekundu na vifuniko vya soda nilivyotoka navyo mjini, vikawa vinalia kwa upepo. Na kila walipobaki bila mtu, watoto walifunikwa kwa tenga la kuku, juu yake jiwe la kusagia, ili asiwepo mnyama wa kuliondoa. Tulijiona tumeshinda. Nabwire alilala usingizi, akaniambia hivyo mwenyewe.

Halafu ikanyesha siku tatu, na baada ya mvua Watachoka akaanza kulia uani, analia na kukwaruza tenga. Nabwire na mimi tulitoka mbio. Mnajua tulifanya nini? Tulitazama mvule. Tulitazama juu, tukapiga mayowe, tukarusha mawe angani, Nabwire na fimbo, mimi na sufuria. Tai hakuwepo. Watachoka analia, nasi tunatisha mawingu. Tulipokuja kuangalia chini, siafu walikuwa wamekwisha kuingia, mkanda mweusi unaotoka kichuguuni moja kwa moja mpaka chini ya tenga, na jiwe la kusagia tuliliweka sisi wenyewe.

Tuliliangusha. Mmoja alikuwa amekwisha. Yule wa mguu mweupe Nabwire alimtumbukiza kwenye ndoo ya maji, kisha akamweka mapajani mwangu bila kuniuliza, "Toa! Toa!" nasi tukamng'oa siafu mmoja mmoja, puani, masikioni, katikati ya vidole. Nabwire alikuwa analia kwa sauti na mikono yake haisimami. Tatu, nikahesabu, na nikaona haya kwamba nahesabu.

Watachoka aliumwa na siafu, matiti yote yakavimba, maziwa yakakatika. Nabwire akawa anakamua mbuzi asubuhi, ananiachia kikombe. Nilijaribu kumnywesha yule mtoto kwa kitambaa kilichofungwa kijitini, nisimguse, akageuza uso. Alitaka kidole. Nikampa kidole, asubuhi na jioni, siku moja. Nne. Tano. Usiku huo sikulala vizuri. Kesho yake nikabuni kukunja jani la mgomba likawa kama mfereji, akajifunza kunywa hapo, nikapona.

Ya sita sina kisingizio nayo. Siku moja jua lilikuwa zuri, tumbo lake limejaa, akaja akakaa mbele ya miguu yangu akanitazama, akapiga miayo. Nilimpenda, ndiyo hivyo. Nilimwinua nikamweka shingoni kwangu, akanipumulia sikioni, akalala. Nilikaa naye pale mpaka mguu ukafa ganzi. Ya sita niliitumia kwa raha tu. Nilipojiosha niliosha polepole, nikijua kwamba maji yamekwisha.

Tangu hapo nilimkwepa. Yeye hakuelewa. Alikuwa amenizoea, akinisikia tu anakuja na ule mwendo wake wa kuyumba, nami naruka juu ya kigoda, nampiga chenga, namsukuma kwa ufagio. Nabwire akacheka, "Wewe naogopa hii kitu ndogo?" Nikasema ananuka.

Kwa sababu hatukulitaka tena tenga, Kuka alitoa amri. Jua likifika utosini Nabwire arudishe mbuzi nyumbani, na mchana wote akae na mtoto wa mbwa, macho kwa macho, kwa kuwa mchana ndio wakati wa tai. "Wewe, si huyu mgeni," akamwambia. Majuma yakapita. Jioni moja Kuka akamfungua yule mtoto mdomo, akapapasa meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kesho tunajaribu ugali." Nabwire akaamka mapema kuliko jogoo. Alisaga wimbi mwenyewe, laini, akapika ugali mdogo wa pembeni akaufunika kwa kibuyu. Utalishwa Kuka akirudi shambani, lazima awepo aone.

Mchana huo mbuzi walichomoka zizini wakaingia kwenye mihogo ya yule yule jirani wa ugomvi wa mpaka. Tulisikia anapiga kelele. Nabwire akaruka, akachukua fimbo, akanigeukia.

"Angalia yeye. Ndege nakuja, wewe shika, kimbia ndani. Shika tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kweli?"

"Wallahi," nikasema, na nilimaanisha.

Nilikaa kwenye kigoda na ufagio mkononi, macho yangu kwenye mvule. Mvule ulikuwa mtupu. Mtoto wa mbwa alikuwa hatua kumi hivi mbele yangu, anapigana na ganda la mhindi. Upepo wa mvua ulikuwa umekata kamba moja upande wa jiko, na hakuna aliyeifunga. Tai hakutokea mvuleni. Alitokea nyuma ya paa la jiko, chini kabisa, na aliyemwona kwanza ni Watachoka, aliyebweka kutoka kivulini na kuburuta mguu wake mfu. Mtoto akainua kichwa. Mama yake alikuwa kushoto. Mlango wa nyumba ulikuwa kulia. Alinikimbilia mimi.

Alikimbia kweli, masikio nyuma, na alinitazama usoni. Alifika. Nataka mjue kwamba alifika, alikuwa kwenye vidole vya miguu yangu, nilichotakiwa ni kuinama tu. Nikaona udongo. Niliona viganja vya wale wanaume. Nikapandisha miguu yote miwili juu ya kigoda, nikasimama pale juu nimefumba macho, nikipunga ufagio na kupiga ukelele, na upepo wa mabawa ukanipiga magotini. Ulikuwa na harufu ya bucha. Nilipofumbua macho uwanja ulikuwa mtupu, ganda la mhindi lipo, Watachoka anazunguka pale pale penye kigoda, ananusa.

Nabwire alirudi anahema, mbuzi mbele yake. Aliangalia uwanja, akaniangalia mimi. Alikwenda jikoni akasimama mbele ya kile kibuyu.

Kuka alipofika aliuliza mara moja tu, "Nani alikuwa hapa?" Na mimi, ole wangu, nikasema, "Mimi nilikuwa chooni, Kuka." Hakuna aliyenituma niseme. Ulimi ulikwenda wenyewe. Nabwire alijua aliniacha wapi, na alijua kuwa mtoto wa mtu mwingine hapigwi. Alinyamaza. Kuka alimchapa kwa fimbo ya mbuzi, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, anahesabu kwa Kisamia, na baada ya kila fimbo anasema, "Nilisema wewe. Nilisema wewe." Alipomaliza akasema mtu asiyeweza kulinda mbwa hastahili mbwa, hatatafutiwa mwingine. Ule ugali Nabwire alimpa Watachoka. Watachoka hakuula.

Asubuhi yake Nabwire alifungua zizi. Nilimwona akisimama mlangoni, mkono kwenye mti, mabega yanatetemeka, kisha akapiga moyo konde akashuka bwawani. Kila asubuhi nilimwona. Nilikuwa sili. Kuka alidhani namwaza mama.

Siku ya tano baba akaja na lori, anapiga honi tangu barabarani. Mama amejifungua salama, mtoto wa kike, wote wazima, narudi nyumbani! Kuka alimpiga baba mgongoni, wakacheka. Nabwire alikuwa na mbuzi. Niliondoka bila kumuaga, na niliona nafuu, Mungu anisamehe.

Lori halijafika mbali baba akanipa kipande cha mkate. Nikakirudisha. Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Una nini wewe? Huna furaha na dada yako?" Sijui ni lile neno dada au nini, nilipasuka kilio mpaka akaegesha lori kando. Nikamwambia yote mfululizo: kuoshwa saba, sita nilizotumia, udongo, tai, kigoda, choo nilichosingizia. Mwanzo baba alicheka. Aliposikia habari ya makaburini akaacha.

"Nani kakwambia zina idadi?"

"Shangazi alisema saba."

"Saba kwa kila mara, mwanangu. Ukilambwa leo unaosha saba, umemaliza. Ukilambwa kesho unaosha tena. Hata ukilambwa kila siku mpaka uote mvi, maji hayaishi."

Nilimtazama nisimwamini. Akashuka, akachukua debe la maji ya rejeta, akaninawisha mikono pale pale kando ya barabara. Alianza na udongo. Aliuchota, akaukoroga na maji kiganjani, akaupaka mikono yangu yote miwili hadi kwenye viwiko, nami nikafumba macho nikangojea. Kisha akamwaga maji, anahesabu kwa sauti, mpaka saba.

"Haya. Umekufa?"

"Bado."

"Basi fumbua macho."

Nikafumbua. Barabara ilikuwa pale, mihogo ilikuwa pale, mwanamke mmoja anapita na mzigo wa majani anatushangaa. Mikono yangu ilikuwa safi. Nikauliza swali ambalo nadhani baba alikuwa ameomba nisiulize.

"Kwa hiyo ningeweza kumshika?"

Alifunga debe, akajifuta mikono kwenye suruali. Angeweza kunidanganya, na wazazi wengi wangedanganya.

"Ungeweza," akasema.

Hakunipiga wala hakunikumbatia. Aligeuza lori. Barabara ilikuwa nyembamba, alihangaika mbele na nyuma mara nyingi, kisha tukarudi mpaka pale njia inaposhuka bwawani. "Nenda kamwambie," akasema. "Babu yako nitamwambia mimi."

Nabwire alikuwa amekaa juu ya kichuguu, fimbo mapajani, anazungusha macho kwenye majani marefu. Hakushangaa kuniona. Nilisimama chini yake nikasema kwamba sikuwa chooni. Nikasema nilikuwa kwenye kigoda, na sababu ya kutomshika, na kwamba ile sababu haikuwa kweli, baba kanionyesha. Nikamwonyesha mikono yangu, sijui kwa nini. Alisikiliza yote. Mambo ya kuosha na udongo hakuyajali kabisa.

"Ilikimbia kwako?" akauliza.

"Ndiyo."

"Si kwa mama yake?"

"Hapana. Kwangu."

"Ilifika?"

"Ilifika."

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Alama za fimbo zilikuwa bado kwenye mguu wake. Nilitamani anipige. Nilitamani anitukane mimi na Waswahili wote wa Busia.

"Basi hiyo hapana mbwa yangu," akasema. "Hiyo ilikuwa mbwa yako."

Akashuka kichuguuni, akaingia kwenye majani marefu kuwafuata mbuzi, peke yake.